Nani Atatupimia Robo ya Sukari?

Ukiwa mtoto wa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, mama akakuambia, "Kimbia kwa Mangi ukaniletee chumvi," huulizi Mangi ni nani. Ni yule mwenye duka la pale kona, aliyejichimbia nyuma ya dirisha la nondo, kalamu sikioni. Huenda ni Mkinga, Mpare au Msukuma. Jina lake kwenu litabaki hilohilo.

Kwetu huku mlimani Kilimanjaro, wajukuu zangu, mangi hakuwa muuza chumvi. Mangi alikuwa mtawala. Machame walikuwa na mangi wao, Kibosho wao, Kilema wao, Marangu wao. Mangi Meli wa Old Moshi alipigana na Wajerumani, nao wakamnyonga tarehe 2 Machi 1900. Jina lake linatajwa mpaka leo. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta utawala wa machifu nchi nzima. Viti vya wamangi vikabaki vitupu, lakini neno lilikataa kufa. Lilipanda basi na vijana wa Kichagga waliokwenda kutafuta maisha mijini, wakakodi vyumba, wakapanga sabuni na viberiti, na wateja wakaanza kuwatania: "Mangi, nipimie mafuta." Utani ukawa jina. Mimi sioni kama neno limeshushwa hadhi. Mtu anayejua ni nani mtaani kwake amelala njaa ana utawala wa namna yake.

Habari ninayotaka kuwasimulia ni ya duka la namna hiyo, na ya wenzake wengi kuanzia mitaa ya Moshi mjini hadi huku juu kwenye migomba. Lile lililonilea mimi lina kufuli sasa, na kufuli lenyewe limeanza kushika kutu.

Nilipokuwa darasa la kwanza, duka hilo lilikuwa na milango ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani, na kaunta iliyong'aa kwa kuegemewa na viwiko vya watu. Kabla hujaona kitu, harufu ilikupokea: mafuta ya taa, sabuni ya mche, majani ya chai, dagaa. Juu ya kaunta ilikaa mizani ya sahani mbili na mawe yake ya chuma, makubwa kwa madogo, kama familia. Nje, barazani, alikaa fundi na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, akishona sare za shule huku akisikiliza redio ya mwenye duka. Redio ilikuwa moja kwa kitongoji kizima, na taarifa ya habari ya jioni ilisikilizwa pale na watu waliokuwa wamesimama.

Mimi nilitumwa nikiwa na chupa mkononi na maneno kichwani. Njia nzima niliyarudia nisije nikayasahau: robo ya sukari, kipande cha sabuni, mafuta ya taa ya shilingi moja. Nikifika nasalimia, "Shimbonyi, mama," kisha nayamwaga yote kwa pumzi moja, na mwisho naongeza yale ambayo mama alisema niyaseme taratibu: "Atalipa kahawa ikitoka."

Sikilizeni hapo vizuri. Atalipa kahawa ikitoka. Maneno hayo ndiyo yaliyoendesha maisha ya mlima huu kwa miaka mingi, nami sina budi kuwaeleza yalifanyaje kazi.

Wazazi wetu walikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake. Chakula kilitoka kihambani: ndizi za mtori, maharage, maziwa ya ng'ombe wa zizini. Fedha ilitoka hasa kwenye kahawa. Kahawa ilivunwa, ikamenywa na kukaushwa nyumbani, ikapelekwa kwenye chama cha msingi, na chama kikaipeleka KNCU, ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro ulioundwa mwaka 1933. Mkulima alipata malipo ya kwanza, halafu akasubiri kahawa iuzwe ndipo apate malipo ya pili. Katikati ya malipo hayo kulikuwa na miezi mirefu. Mtoto anaumwa, kiberiti kimekwisha, daftari la hesabu limejaa, na mfukoni hamna senti.

Benki haikutujua. Duka lilitujua. Mwenye duka alifungua daftari lake lenye jalada gumu, akaandika jina la baba, tarehe, robo ya sukari, kipande cha sabuni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye alilishika neno hilo. Ukutani alibandika maandishi mekundu: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Kila aliyeingia aliyasoma, na karibu kila aliyeingia alikopa. Ukuta ulisema lake na daftari likasema lake, kwa sababu mwenye duka alijua kihamba cha kila mtu, alijua mibuni ni mingapi na nani mlevi, na alijua kwamba baba akifa deni litalipwa na watoto.

Jambo la pili alilotufanyia ni kupima. Leo mtoto aliyezoea pakiti anaweza kudhani sukari huzaliwa ndani ya kilo moja. Sisi tulinunua robo. Tulinunua nusu ya robo. Sabuni ya mche ilikatwa kipande, mkate ulikatwa nusu, mafuta ya kula yalipimwa kwa kikombe kidogo. Sitawadanganya: anayenunua kidogo kidogo hununua ghali. Ukijumlisha robo nne utakuta umelipa zaidi ya bei ya kilo. Mama alilijua hilo, lakini mwenye fedha ya robo hawezi kununua kilo hata kilo iwe rahisi namna gani. Aliyekubali kufungua gunia na kuligawa mara mia nne kwa ajili ya watu wasio na fedha ya gunia, huyo alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Msidhani maduka yalikuwapo tangu mlima uumbwe. Zamani sana biashara ya hapa ilikuwa ya sokoni, na soko lilikuwa la akina mama. Walishuka na ndizi na maharage, wakapata magadi, vyungu vya udongo kutoka Kahe, na vyuma vilivyofuliwa na Wapare. Mpaka leo masoko yetu yana siku zake, na siku ya soko ukikaa kando ya barabara utawaona akina mama wamejitwisha mikungu kama walivyofanya bibi zao.

Kisha ikaja misafara kutoka Pwani na shanga, nyaya na kitambaa cheupe kinachoitwa merikani. Mnajua kwa nini kiliitwa hivyo? Kilifumwa Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walikileta Zanzibar kwa meli, na mwaka 1833 nchi yao ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said. Kutoka Zanzibar kilivuka bahari, kikapandishwa mabegani mwa wapagazi hadi hapa. Kwa hiyo Mchagga wa karne ya 19 alikwisha kuvaa nguo iliyotoka bara jingine, kutoka kwa mtu asiyemjua wala hatamwona. Kununua kutoka mbali si jambo lililoanza na simu.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mji ukakua kandokando ya stesheni, na Wahindi wakajenga maduka yenye nyumba juu na baraza mbele. Hata neno duka ni la safari. Asili yake ni Kiarabu, na Wahindi nao wanalo. Kahawa ilipoanza kuwapa Wachagga fedha, na wao wakafungua maduka yao huku juu.

Na maduka haya yalishawahi kufa mara moja. Watu wengi wamesahau. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa na ya jumla ilihamia mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Nia ilikuwa njema, mnyonge asinyonywe. Lakini maduka ya kijiji hayakuwa na bidhaa za kutosha wala watu wenye uzoefu, na operesheni ilisimamishwa mwaka uleule. Nakumbuka mizani ya duka letu ilivyohamia uvunguni mwa kitanda cha mwenyewe, ikafunikwa na gunia, ikisubiri.

Ilisubiri kwa shida. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati hapo kukawa na vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei duniani, na bidhaa zikaadimika. Tulipanga foleni ya sabuni. Watu wa Rombo walivuka usiku kwenda Kenya kutafuta vitu vya magendo, wengine wakakamatwa. Vijana wa leo mkisikia mzee anahifadhi vipande vya sabuni kwenye kopo, msimcheke, alipita huko. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mizani ilitoka uvunguni. Milango ya kijani ikapakwa rangi upya.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia watu wakisema maduka yatakufa kwa sababu ya simu, sikuamini. Duka lililonusurika amri ya serikali na njaa ya sabuni litauawa na kitu cha kutia mfukoni? Mwaka 1989 mkataba wa dunia wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Madeni mengi daftarini hayakulipwa, lakini duka lilibaki. Mitumba ikajaa Kiboriloni na soko la Memorial. Fundi wa barazani aliumia, akabaki na kazi ya kupunguza suruali na kutia zipu, lakini duka lilibaki. Miaka ya 2010 Nakumatt, kampuni kubwa kutoka Kenya, ilifungua duka la kisasa Moshi mjini, taa nyeupe na vitoroli vya kusukuma. Tulikwenda kutazama. Kampuni ile ilizama kwenye madeni, ikafunga. Kwa mama mwenye mizani waliendelea kupima robo.

Simu yenyewe iliingia dukani kama rafiki. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, zikafuata huduma za kampuni nyingine, na nani aliyekuwa wakala? Mwenye duka. Watoto walioko mijini walituma fedha, bibi akashuka na fimbo yake kuzitoa, na kwa kuwa yuko palepale akanunua sukari na chumvi. Kwa miaka kadhaa simu ilileta wateja. Wengi wetu tulidhani itakuwa hivyo siku zote.

Lakini fedha ikishakaa ndani ya simu, haina haja ya kushuka mlima. Inaweza kwenda kununua yenyewe.

Haikuanza vizuri. Jumia, kampuni iliyotaka kuwa soko la mtandaoni la Afrika, ilifunga kazi zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Kulikuwa na sababu nyingi, na mojawapo mnaijua wenyewe: utampelekaje mtu mzigo kama nyumba yake haina namba, na maelekezo ni "ukifika kwenye mringaringa mkubwa uliza"? Ni mwaka 2022 tu ndipo serikali ilipoendesha Operesheni ya Anwani za Makazi na nyumba nyingi zikaanza kuwa na namba.

Ikaibuka njia nyingine, ya kwetu wenyewe. Msichana mwenye stoo Kariakoo, Dar es Salaam, anapiga picha viatu, anaviweka Instagram na WhatsApp. Kijana wa Uru, huku mlimani, anaviona akiwa amekaa chini ya mgomba. Anauliza bei, anatuma fedha kwa simu, na viatu vinapanda basi la usiku. Asubuhi vipo stendi ya Moshi, bodaboda anavichukua, mchana vipo miguuni. Hakuna kampuni kubwa katikati. Kuna picha, simu, basi na pikipiki. Wengine wanaagiza mpaka China kwa programu za simu, wanasubiri wiki kadhaa. Bei huwa ya chini kwa sababu iliyo wazi: yule wa Kariakoo hakodi chumba Uru, halipi umeme wa Uru, na wateja wake ni nchi nzima.

Sasa niwafanyie hesabu. Namba nimezipanga mwenyewe ili iwe rahisi, lakini mwendo wake ndio ulivyo.

Chukulia mwenye duka anauza chumvi, viberiti na sukari ya robo kwa watu 50 kila siku, na kila mmoja anamwachia faida ya shilingi 100. Kwa siku ni 5,000, kwa mwezi 150,000. Kodi ya chumba, umeme, leseni na nauli za kwenda Moshi kuchukua mzigo zinafika 180,000. Tayari ana pengo la 30,000. Nani anamwokoa? Ni blanketi, begi la shule, viatu, sufuria. Tuseme kila kimoja kinamwachia 6,000, na kwa mwezi anauza 20. Hiyo ni 120,000. Anaziba pengo, anabaki na 90,000 ya kulisha wanawe. Kisha, kati ya wateja hao 20 wa vitu vikubwa, 15 wanaanza kuagiza kwa simu. Amebaki na watano: 30,000. Pengo limezibwa, na kilichobaki ni sifuri.

Angalieni tena. Wale watu 50 wa chumvi hawakumwacha. Hakuna aliyegombana naye wala aliyemchukia. Duka linafungwa likiwa bado na wateja 50 kwa siku, na kila mmoja wao atashangaa. Blanketi ndilo lililokuwa likitupimia chumvi, na sisi hatukujua.

Huku kwetu kuna jambo jingine, nalo ni Desemba. Mnaijua Desemba ya Kilimanjaro: magari kutoka Dar es Salaam yamepanga mstari, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbege inachemshwa, watoto wa mjini wanaogopa ng'ombe. Kwa duka, huo ndio ulikuwa mwezi wa mavuno. Mtu amerudi nyumbani na bonasi, anamnunulia mama blanketi, baba buti, wapwa madaftari ya Januari. Faida ya Desemba ilibeba Machi na Aprili, mvua zinaponyesha na hakuna mwenye fedha. Siku hizi wanakuja na kila kitu ndani ya buti la gari, kimeagizwa wiki mbili kabla. Wanapita mbele ya duka, wanapiga honi, wanapunga mkono. Wanaingia kununua maji ya kunywa.

Siwalaumu, na mimi nimeagiza. Mwaka juzi nilinunua viatu kwa mtu aliyeweka picha nzuri mtandaoni. Nilituma fedha na ya kutolea juu. Kilichokuja kilikuwa viatu viwili vya mguu wa kushoto, tena namba tofauti. Nilipiga simu, ikaita, kisha ikawa haipatikani. Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, amekubloku." Nilikaa na neno hilo siku nzima. Maisha yangu yote hakuna mwenye duka aliyewahi kuweza kunibloku. Aliponiuzia betri mbovu nilirudi, nikaziweka juu ya kaunta, watu wakiwa wanatazama, naye akanipa nyingine. Hakufanya hivyo kwa kuwa ni malaika. Kesho yake tungekutana kanisani, au msibani, au kwenye foleni ya maji. Aibu ilikuwa sehemu ya biashara. Wahenga waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwa wameona picha inayotembea nchi nzima kwa dakika moja.

Nchi nyingine zimetutangulia katika njia hii. Kampuni ya Amazon ilianzishwa Marekani mwaka 1994 ikauza vitabu, na leo inauza karibu kila kitu. Kulikuwa huko na maduka ya vitu vya kuchezea watoto yaliyoitwa Toys "R" Us, makubwa sana. Mwaka 2018 yalifungwa nchi nzima. Madeni yaliyachangia sana, na wazazi kununua kwa kompyuta nako kukachangia. Lakini Marekani likifungwa duka, mwenye gari anaendesha hadi lingine. Huku kwetu bibi wa miaka themanini anayehitaji dawa ya maumivu usiku hana gari, na mteremko umejaa utelezi.

Hata hivyo nitakuwa nimewadanganya nikisema simu imeleta hasara tupu. Hapa kijijini hapajawahi kuwa na duka la vitabu. Sasa mtoto anaweza kuagiza kitabu kikapanda mlima. Nawafahamu wasichana wa Moshi wanaoshona vitenge na mikoba na kuviuza Mwanza na Mbeya bila kukodi chumba hata kimoja, jambo ambalo mama zao wasingeliweza. Mtu asiyeweza kutembea analetewa mahitaji hadi kitandani. Wafanyabiashara hao wa picha wengi ni waaminifu, maana nao wanaishi kwa jina. Nikiulizwa kama tufunge simu zetu ili duka lipone, jibu langu ni hapana. Tulishajaribu kuendesha biashara kwa amri mwaka 1976.

Ninachohofia ni tabaka moja la watu. Mwenye mshahara ataagiza, na mambo yake yatakuwa mazuri. Asiye na mshahara bado anahitaji robo na bado anahitaji kukopa, na huko mtandaoni hakuna anayepima robo. Mikopo ya simu ipo, ndiyo, inakuja kwa haraka na riba yake. Lakini haijui kama mwaka huu kahawa imeshikwa na ugonjwa. Mwenye duka alijua, akasogeza tarehe.

Nimalizie na kitu nilichokiona kwa macho yangu, kitongoji cha jirani. Kuna mama mmoja mwenye duka dogo, mabati manne na dirisha. Binti yake wa kidato cha pili alipiga picha bidhaa zote za mama, akaandika bei, akaunda kundi la WhatsApp la watu waliozaliwa kitongojini na sasa wanaishi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, na mmoja yuko Oman. Hakuwaambia waagize viatu. Aliwaambia: mnunulieni bibi sukari hapa. Mtu akiwa Dar anatuma fedha kwa simu, yule mama anapima, na binti akitoka shule anapeleka hadi jikoni kwa bibi. Anarudi na picha ya bibi ameshika mfuko, anaituma kwenye kundi. Na kama bibi anakohoa, hilo nalo linaandikwa. Walianza na familia tatu. Nilipopita mara ya mwisho zilikuwa kumi na saba, na baadhi yao walikuwa wameanza kununulia palepale blanketi za Desemba, kwa kuwa ni nafuu kuliko kuzibeba.

Mzee kama mimi asingeweza kuliwaza jambo hilo, na yule mama peke yake asingeliweza. Yeye anajua watu, binti anajua simu.

Ndiyo maana nimewasimulia ninyi na si wazazi wenu. Kesho mkitumwa dukani, msiondoke mara mkipewa chenji. Muulizeni Mangi wenu kama bidhaa zake ziko kwenye simu ya mtu yeyote. Akisema haziko, mwombeni ruhusa, msafishe kioo cha kamera, na muanze na rafu ya juu.